Kwa nini mwenzangu Mwethiopia hakugusa kuku wa Krismasi?

Swali: "Ofisini kwetu tumo watu wa kutoka pande nyingi za dunia: Poland, Ethiopia, China, Iran, Mexico, India na Japani. Mkuu wetu amenipa kazi ya kuandaa meza ya sikukuu mwezi Desemba, kila nchi iwe na chakula chake. Mtandaoni nimepata orodha nyingi za vyakula vya sikukuu, lakini zimeshaniponza. Mwaka jana nilisoma kwamba Waethiopia hula doro wat, mchuzi wao wa kuku, siku ya Krismasi. Nikampikia dada mmoja wa huko wiki ya Krismasi. Alishukuru, akatabasamu, hakugusa. Mwenzetu Mchina nilipomtajia jiaozi za mwaka mpya alisema kwao hawana desturi hiyo. Mjapani naye akasema Krismasi wao hula kuku wa kukaanga wa mgahawa, nikadhani ananitania. Je, ni kweli kila nchi ina chakula chake cha sikukuu? Kwa nini siku ile ile moja huyu ale samaki na yule ale nguruwe? Na nipangeje meza bila kumkwaza mtu, ukizingatia kwamba mmoja wetu ana kisukari na mwingine hudhurika na karanga?"

Ndugu msomaji, inauma kushinda jikoni halafu chakula kirudi kilivyokwenda. Tuanze hapo hapo, maana kilichotokea kwenye sahani ile kinaeleza sehemu kubwa ya ulichouliza.

Chakula ulichochagua kilikuwa sahihi. Doro wat kweli ni mlo mkuu wa Genna, Krismasi ya Ethiopia. Kilichokukwamisha ni tarehe. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Tewahedo husherehekea Genna tarehe 7 Januari, na kabla yake wana mfungo wa siku 43 unaoanza mwishoni mwa Novemba. Anayeushika mfungo huo hali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Sasa itazame doro wat inavyopikwa. Vitunguu vingi huwekwa kwenye sufuria kavu na kupikwa polepole mpaka vinalainika na kuwa rojo. Ndipo inaingia berbere, ule mchanganyiko mwekundu wa pilipili na viungo, kisha samli iliyochemshwa na viungo, kisha vipande vya kuku, na mwishoni mayai mazima ya kuchemsha yanayolowekwa kwenye mchuzi. Samli, kuku, mayai: vyote vitatu vilikuwa mwiko kwake wiki ile. Kushukuru na kutabasamu kulikuwa adabu yake tu. Mlo ule ule ungemfikia tarehe 7 Januari ungekuwa heshima kubwa.

Orodha unazosoma huandika jina la nchi, nukta mbili, jina la chakula. Ndipo zinapopotosha. Hakuna meza ya sikukuu duniani inayotokana na nchi peke yake. Meza hutokana na kilichokuwa ghalani msimu ule, na kilichokuwa kimekatazwa siku zilizotangulia, na kalenda inayoamua sikukuu iangukie wapi katika mwaka. Maana za kidini, hadithi za mababu na fahari ya taifa ni kweli nazo, na watu huzishika kwa moyo wote, lakini mara nyingi zilikuja kukaa juu ya chakula ambacho tayari kilikuwa mezani.

Chukua nguruwe wa Krismasi, maana umeuliza kuhusu yeye. Wasweden huweka paja la nguruwe katikati ya meza, Wadenmark huchoma nyama ya nguruwe pamoja na ngozi yake. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni mila. Lakini mfikirie mkulima wa kaskazini mwa Ulaya zama ambazo hapakuwa na jokofu. Nguruwe wake wameshiba mabaki ya mavuno na tunda la mwaloni lililoanguka msituni. Baridi inakuja, nyasi zinakufa, na chakula cha mifugo hakitoshi kuwafikisha wote mwezi wa nne. Basi anachinja Novemba na Desemba, baridi ile ile iliyomaliza majani ikimsaidia nyama isioze. Sehemu kubwa inatiwa chumvi au kuvushwa moshi kwa ajili ya miezi ijayo. Ile isiyofaa kuwekwa inapikwa na kuliwa siku hizo hizo za machinjo, na hiyo ndiyo wiki moja katika mwaka ambapo hata mnyonge ana nyama tele. Sikukuu ya katikati ya baridi ikiangukia hapo, mtu atakula nini kingine?

Norway inalionyesha hili vizuri kuliko nchi yoyote ninayoijua, kwa sababu nchi ile moja ina meza mbili. Mashariki, kwenye mashamba ya nafaka na kwa hiyo kwenye nguruwe, mkesha wa Krismasi huliwa ribbe, mbavu za nguruwe zilizookwa mpaka ngozi inavunjika kwa kelele chini ya kisu. Magharibi, kwenye milima na ghuba ndefu za bahari ambako kondoo ndiye mnyama wa kila nyumba, huliwa pinnekjøtt. Hizo ni mbavu za kondoo zilizotiwa chumvi na kukaushwa wiki kadhaa, kisha zikalowekwa usiku kucha kuondoa chumvi, zikapikwa kwa mvuke juu ya vijiti vya mti wa birch vilivyopangwa chini ya sufuria. Siku moja, dini moja, bendera moja, na kilichoamua ni mnyama gani alikuwa zizini.

Ndiyo maana mwenzako Mchina yuko sahihi, na orodha yako nayo haikudanganya. Kaskazini mwa China ni nchi ya ngano, hivyo mwaka mpya wao huliwa jiaozi, vipande vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama na mboga ambavyo familia nzima hukaa kuvifinyanga usiku wa kuamkia sikukuu. Kusini ni nchi ya mpunga, na huko utakuta niangao, keki ya mchele wa kunata. Mpaka wa zamani kati ya ngano na mpunga hupita kwenye milima ya Qinling na mto Huai. Muulize mwenzako anatoka upande gani wa mpaka huo, na nina hakika atafurahi kuulizwa.

Ghala linaonekana wazi zaidi mwisho wa baridi kuliko mwanzo wake. Nowruz, mwaka mpya unaosherehekewa Iran, Afghanistan na nchi nyingi za Asia ya Kati, huja mchana na usiku vinapolingana, tarehe 20 au 21 Machi. Ardhi ndiyo kwanza inaamka, na bustani hazijatoa tunda lolote. Waafghani huandaa haft mewa, matunda saba, na yote ni makavu: zabibu, aprikoti, pistachio, lozi, jozi na wenzake. Hulowekwa kwenye maji kwa siku mbili hivi. Lozi na jozi humenywa ngozi moja moja zikabaki nyeupe, kazi ya vidole na subira, na maji yenyewe hugeuka kuwa sharubati yenye rangi ya asali bila kuongezwa hata kijiko cha sukari. Hilo ni bakuli la chini kabisa ya ghala, mabaki ya jua la mwaka uliopita, nao wameligeuza kuwa chakula cha heshima kuliko vyote.

Upande wa pili wa ghala ni siku linapojazwa. Watamil wa kusini mwa India wana Pongal, tarehe 14 au 15 Januari, mpunga mpya unapoingia. Chungu huwekwa nje, maziwa na mchele mpya na sukari guru vinachemka humo, na kila mtu anasubiri kifurike. Povu linapopita ukingo wa chungu watu hupiga kelele za furaha, maana kufurika ndiko kunakosherehekewa. Kwa Waigbo wa Nigeria ni viazi vikuu. Kwa desturi yao, kiazi kipya hakiliwi mpaka sherehe yake ifanyike, kwa kawaida kuanzia Agosti, na wazee waonje kwanza. Mgeni huliona katazo hilo kama ibada tu. Lakini fikiria wiki zile ghala limebaki vumbi na shamba limejaa viazi ambavyo havijakomaa. Katazo linamzuia mwenye njaa asichimbe mapema akapoteza nusu ya mavuno yake. Waga wa Accra nao, katika sherehe yao ya Homowo, hupika kpokpoi ya unga wa mahindi na mchuzi wa mawese, na kumbukumbu ya njaa ya kale iko ndani ya sherehe yenyewe: chakula hunyunyizwa ardhini kwa ajili ya wahenga kabla ya watu kula na kuizomea njaa iliyoshindwa.

Sasa samaki. Hapa ghala halitoshi kueleza, tunahitaji mfungo. Katika Kanisa la Magharibi mkesha wa Krismasi ulikuwa siku ya kujizuia nyama, na samaki hakuhesabiwa kuwa nyama. Sheria hiyo imeshalegezwa, familia nyingi za Poland hazikulegeza. Jioni ya tarehe 24 Desemba husubiri nyota ya kwanza, wanavunja na kugawana kaki nyembamba ya mkate, kisha wanakaa kwenye mlo wa Wigilia, ambao kwa desturi ni vyakula kumi na viwili bila nyama, na kiti kimoja huachwa wazi kwa mgeni asiyetarajiwa. Supu ni ya viazisukari vyekundu vilivyochachushwa, pierogi, vipande vya unga vilivyofungwa, zimejazwa kabichi ya kuchachusha na uyoga uliokaushwa, kinywaji ni maji yaliyochemshiwa matunda makavu, na samaki ni karp, wa kwenye mabwawa ambayo hukaushwa kila vuli ili wavuliwe. Unaona ghala na mfungo wamekaa meza moja. Kila kitu pale kimechachushwa, kimekaushwa au kimetoka bwawani.

Ureno ilijibu mfungo ule ule kwa bacalhau, samaki wa bahari baridi za kaskazini aliyetiwa chumvi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Anaweza kusafirishwa mbali na kukaa miezi bila kuharibika, ndiyo maana hata vijiji vya bara vilivyo mbali na pwani humla Krismasi. Kupitia Wahispania desturi hiyo ilivuka bahari, na familia nyingi za Mexico hupika samaki huyo wa chumvi mkesha wa Krismasi pamoja na nyanya, zeituni na pilipili. Kwa hiyo Mpoland na Mmexiko wa ofisini kwenu wanaweza kukaa pamoja juu ya samaki bila yeyote kujilazimisha.

Mayai ya Pasaka nayo ni mtoto wa mfungo. Kwaresima ya zamani ilikataza mayai, lakini kuku hawakuwa na habari. Kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mchana, na katika nchi za kaskazini mchana hurefuka kwa kasi miezi ile ile ya Kwaresima. Mayai yakarundikana. Siku mfungo ulipofunguliwa yalikuwa yamejaa kapu, yakachemshwa, yakapakwa rangi, yakagawiwa watoto. Wagiriki hadi leo huyapaka rangi nyekundu Alhamisi Kuu. Na kabla ya mfungo kuna haraka ya kumaliza kilicho jikoni: Waingereza hukaanga chapati za mayai na maziwa Jumanne ya mwisho, Warusi wana wiki nzima ya Maslenitsa, ambapo nyama imeshakatazwa lakini siagi na maziwa bado, hivyo ni blini, chapati zao nyembamba, zilizolowana siagi kutwa.

Kalenda ndiyo inayowachanganya watu wengi zaidi. Mwaka wa Kiislamu ni wa mwandamo tupu, una siku 354 hivi, kwa hiyo Ramadhani na Idi hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Sikukuu isiyokaa kwenye msimu mmoja haiwezi kutegemea kilichovunwa juzi. Angalia basi vyakula vilivyopata umaarufu kwenye sikukuu hizo: tende, ambayo ikikaushwa iko tayari mwaka mzima, maamoul za Syria, Lebanoni na Palestina, biskuti za semolina zilizojazwa tende au jozi, sheer khurma ya Pakistan na India, tambi nyembamba ndani ya maziwa na tende. Ni vitu vinavyopatikana Januari na vinavyopatikana Julai. Wachina, kwa upande wao, hufuata mwezi lakini huongeza mwezi wa ziada mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana mwaka mpya wao hausogei nje ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na chakula chake ni cha mwisho wa baridi daima. Wajapani waliiacha kalenda ya namna hiyo mwaka 1873 na kuhamishia mwaka mpya tarehe 1 Januari.

Na Australia? Wao walihama na kalenda lakini msimu ukageuka. Walowezi wa Kiingereza walipeleka nyama ya kuoka na pudingi nzito ya matunda makavu, mlo wa kupasha mwili moto, kwenye Krismasi iliyo katikati ya kiangazi. Kwa vizazi vingi waliendelea kuoka wakitokwa jasho. Leo nyumba nyingi huweka kamba wa baharini, paja baridi la nguruwe na keki ya pavlova yenye matunda mabichi, na wengine bado wanaoka. Mila huchukua muda kuikubali hali ya hewa.

Kuhusu Mjapani wako: hakutanii. Tarehe 25 Desemba si siku ya mapumziko ya kitaifa Japani, na Wakristo huko ni wachache sana. Mwaka 1974 kampuni ya KFC ilianzisha tangazo la nchi nzima la kuhimiza watu kula kuku wake siku ya Krismasi, likashika, na sasa familia nyingi huagiza mapema. Keki ya krimu na stroberi ndiyo mwenza wake. Lakini sikukuu yao kubwa hasa ni mwaka mpya, na hapo ndipo utaona osechi: masanduku yenye vyakula vilivyotiwa sukari, chumvi au siki, vilivyopangwa kwa ustadi, vyote vya kukaa siku tatu bila jiko kuwashwa ili hata mpishi apumzike.

Usimwone mtu huyo kuwa na sikukuu bandia kwa sababu kuku wake ana miaka hamsini tu. Vyakula vingi tunavyoviita vya kale ni vipya kuliko tunavyodhani. Viazi vya latke za Hanuka, ambazo Wayahudi wa Ulaya Mashariki hukaanga kwa kukumbuka mafuta ya hekaluni, vilitoka Amerika, na kabla yake vibibi hivyo vilikuwa vya jibini. Bata mzinga wa Waingereza alitoka Mexico. Chakula cha Shukrani cha Marekani husimuliwa kama nakala ya karamu ya mavuno ya mwaka 1621 kule Plymouth, lakini barua ya Edward Winslow, shahidi wa siku hizo, inataja ndege waliowindwa na kulungu watano walioletwa na Wawampanoag, wenyeji wa eneo lile, haitaji bata mzinga kwa jina. Viazi havikuwepo mezani. Abraham Lincoln aliitangaza sikukuu hiyo mwaka 1863, na meza tunayoijua ilikomaa katika karne hiyo ya 19. Ukimwalika Mmarekani mwenye asili ya wenyeji wa bara lile, kumbuka kwamba tangu 1970 wapo wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza.

Sasa meza yako. Unazo njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni ile uliyopewa na mkuu wako, nchi saba meza moja Desemba. Inapendeza kwenye picha, lakini inawalazimisha wengine walete sikukuu isiyo yao kwa wakati usio wao. Mwiran wako hana Nowruz Desemba. Ya pili ni kuigawa kwenye mwaka, kila mtu tarehe yake: Mwethiopia Januari 7, Mtamil Pongal kama kweli ni Mtamil, Mchina mwaka mpya wake, Mmexiko tamale (unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda) za tarehe 2 Februari, ambazo kwa desturi hununuliwa na yule aliyekuta kisanamu kwenye mkate wake wa Januari 6. Hii ndiyo ninayoipenda. Chakula kinaliwa kwa siku yake, na mwenye sikukuu ndiye mwenyeji. Ubaya wake ni kwamba inahitaji mtu wa kuifuatilia mwaka mzima, na ari hupungua ifikapo Aprili.

Ikiwa Desemba haikwepeki, iko njia ya tatu: panga meza ya Desemba hasa, badala ya meza ya mataifa. Mwezi huo una mambo yake. Usiku mrefu kuliko yote, tarehe 20 au 21, Wairani huadhimisha Yalda kwa komamanga na tikiti maji, wakikesha na mashairi. Siku hizo hizo Wachina wana Dongzhi, kusini wakila tangyuan, vidonge vya unga wa mchele wa kunata ndani ya maji matamu ya moto. Wamexiko wana Posadas tarehe 16 hadi 24, na ponche ya moto yenye mapera, miwa na mdalasini. Mpoland ana pierogi zake za kabichi na uyoga. Mwethiopia ana shiro (mchuzi wa unga wa jamii ya kunde) na dengu juu ya injera, mkate wao mwembamba, chakula chake halisi cha mfungo. Vyote hivyo havina nyama, na karibu vyote havina maziwa wala mayai. Ukiweka meza isiyo na nyama umeshamaliza nusu ya miiko kwa hatua moja. Kwa Mhindi, uliza kabla ya kupanga. Mkristo wa Kerala, kusini, ana Krismasi yenye appam (vibibi vya mchele) na mchuzi wa nazi, Mjaini, mfuasi wa dini ya Ujaini, hali hata vitunguu na viazi, na neno "Mhindi" halikwambii lolote kati ya hayo.

Miiko mingi hujificha mahali usipotazama. Tamale kwa kawaida hukandwa na mafuta ya nguruwe hata ndani yake kukiwa na jibini tu. Jiaozi nyingi zina nguruwe. Pudingi ya Krismasi ya Kiingereza ina mafuta ya figo ya ng'ombe na mara nyingi brandi. Usimwulize mtu "unakula kila kitu?", maana adabu itamfanya ajibu ndiyo. Uliza hivi: "Wiki hiyo unafunga? Kuna kitu usichokula, iwe kwa dini, kwa afya au kwa kutokipenda?" Uliza kila mmoja peke yake, kwa maandishi, wiki mbili kabla.

Kuhusu mwenzako anayedhurika na karanga, kuwa mkali. Tangyuan nyingi hujazwa karanga au ufuta. Vitamu vya sikukuu za India, Iran na nchi za Kiarabu vimejaa lozi, jozi na pistachio, na baadhi ya wenye mzio wa karanga hudhurika na hizo pia. Kumtengea sahani hakutoshi iwapo kijiko kimoja kinazunguka meza nzima. Mtu huyo aulizwe daktari wake amemkataza nini hasa, ajihudumie wa kwanza, na vyenye karanga viwe meza nyingine au visiwepo kabisa. Midomo ikianza kuvimba, au pumzi ikibana, tumieni dawa yake ya dharura kama anayo na mwiteni mtu wa huduma ya dharura papo hapo. Msisubiri kuona kama itapoa. Mochi, keki za mchele wa kunata za mwaka mpya wa Kijapani, ni hatari nyingine: zinanata kooni, na kila Januari Japani hupoteza wazee kwa kukabwa nazo. Zikiwepo, zikatwe vipande vidogo sana, na wazee na watoto wadogo wasipewe.

Kwa upande wa usalama wa kawaida, wali, nyama na vyakula vya maziwa visikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye sherehe za ofisini chakula huja asubuhi na kuliwa alasiri, na hapo ndipo matumbo huharibika.

Mwenye kisukari usimwondoe kwenye meza wala usimpikie chakula cha mgonjwa pembeni. Mpe orodha ya vyakula mapema, ukionyesha vyenye sukari guru, tende, asali au mchele wa kunata, ili aamue mwenyewe kipi aonje na kwa kiasi gani. Kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, orodha hiyo aipeleke kwa daktari au mtaalamu wake wa lishe kabla ya siku, hasa ikiwa yeye mwenyewe anafunga. Kufunga kutwa kisha kula vitamu vingi kwa mara moja kunaweza kuangusha sukari mchana na kuipandisha vibaya jioni. Dozi inayomfaa siku ya namna hiyo atapangiwa na anayemtibu, ana kwa ana, na safari hiyo aifanye mapema mwezi huu huu.